Mtungi Mwekundu Una Miaka Mingapi?

Tarehe 2 Novemba 2017, kampuni ya Kidde pamoja na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Wateja ya Marekani ziliwatangazia watu kwamba vizimamoto karibu milioni 40 vilikuwa na kasoro na vinafaa kubadilishwa. Soma hiyo namba tena polepole. Milioni 37.8 vilikuwa Marekani, milioni 2.7 Kanada. Aina 134 za mitungi. Na ile ya zamani kabisa kwenye orodha ilitengenezwa Januari 1973.

Yaani kuna mtu huko alinunua mtungi kabla mamangu hajazaliwa. Akautundika ukutani, akaupita kila asubuhi akienda kuweka chai, akahama nao nyumba hii hadi ile, halafu miaka 44 baadaye ndiyo anaambiwa kwamba ile kitu huenda ingekataa kufanya kazi siku ya moto. Tatizo lilikuwa sehemu za plastiki: mshikio wa juu, na kwa aina nyingine kitufe cha kubonyeza. Mtungi ungeweza kuziba, au ukahitaji nguvu nyingi kupita kiasi ndipo utoe unga. Wakati mwingine mdomo wake ungeweza kuchomoka na kuruka kwa nguvu. Tume ilisema ilikuwa imepokea ripoti kama 391 za mitungi iliyokataa kufanya kazi au kuachia mdomo, majeruhi 16, na kifo kimoja. Kifo hicho kilitokea mwaka 2014: gari liligonga, likashika moto, na waliokuja kuokoa wakashindwa kupata chochote kutoka kwenye vizimamoto walivyobeba.

Nilikutana na habari hii kwa sababu ya doo, si kwa sababu ya hekima. Mimi huandika kazi za mtandaoni. Mtu niliye na uhakika sitawahi kumwona anataka maneno elfu moja kuhusu kitu fulani, mimi nayatoa, yeye analipa, jina langu halionekani popote. Nimewahi kuandika kuhusu zulia, mbwa wa kizungu, bima ya meno. Siku moja kazi iliyoingia ilisema: jinsi ya kutunza na kubadilisha vizimamoto ndani ya gari-nyumba. Gari-nyumba ni lile gari kubwa ambalo wazungu husafiri nalo likiwa na kitanda, jikoni na choo ndani. Hapa Nairobi nimeyaona mawili matatu barabarani, yamejaa vumbi la nchi kumi, yakielekea sijui wapi. Ndani sijawahi kuingia.

Kazi ile niliimaliza kwa siku mbili nikalipwa. Lakini swali lake halikunitoka. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iliisha kabla ya kozi, na nilichokuwa nikisoma ni historia. Historia tuliyofundishwa ilikuwa ya watu waliovumbua, waliotia saini, waliopigana. Sikumbuki hata somo moja kuhusu watu ambao kazi yao ni kurudi kila mwezi kuangalia kama kile kilichovumbuliwa bado kinafanya kazi. Na mtungi mwekundu, ukiuangalia vizuri, historia yake karibu yote iko hapo.

Tuanze na gari lenyewe. Mwaka 1910, kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha jijini New York gari lililoitwa Touring Landau, lenye kiti cha nyuma kinachokunjuka kuwa kitanda, na sinki ya kukunja. Lilikuwa la matajiri. Watu wa kawaida walikuja na njia yao: walichukua gari la Ford Model T, wakalifunga hema na masanduku, wakaenda kupiga kambi. Mwaka 1919, kule Tampa, Florida, wasafiri wa aina hiyo waliunda chama wakajiita Tin Can Tourists, watalii wa mikebe, kwa sababu chakula chao kilikuwa cha mikebe. Mwaka 1966 kampuni ya Winnebago, katika mji mdogo wa Forest City, jimbo la Iowa, ilianza kutengeneza magari-nyumba kiwandani kwa wingi, kwa bei ambayo fundi au mwalimu aliyestaafu angeweza kujikakamua akailipa. Toka hapo ikawa sehemu ya maisha ya Mmarekani: ukistaafu, unauza nyumba, unanunua magurudumu.

Sasa hebu fikiria kilicho ndani ya hilo sanduku. Kuna injini na mafuta yake, galoni kwa galoni. Kuna mitungi ya gesi ya kupikia. Kuna betri, nyaya za umeme za aina mbili, jiko, hita. Kuna kuta za mbao nyembamba, sponji, mapazia na godoro. Mlango wa kawaida ni mmoja, pamoja na dirisha la dharura ambalo wenye gari wengi hawajawahi kujaribu kulifungua. Kwenye baadhi ya magari hayo injini iko nyuma kabisa, kwa hivyo dereva anaweza kuendesha kwa muda huku moto ukila mkia wa gari na yeye anapiga story na mkewe.

Halafu kuna friji. Friji ya gari-nyumba ya kawaida si kama ya kejani kwako. Haina mota ya kusukuma. Inatumia joto, wakati mwingine mwali wa gesi, kuzungusha amonia na haidrojeni ndani ya mabomba yaliyofungwa. Bomba likipata ufa, hewa hiyo inatoka, na iko karibu na mwali. Mwaka 2006 kampuni ya Dometic iliita wateja wake kwa sababu ya hatari hiyo hiyo, na friji zilizohusika zilikuwa zaidi ya laki tisa. Kwa hivyo mtu akisema moto kwenye gari-nyumba ni bahati mbaya, ni kweli kiasi tu. Nyumba nzima, jiko lake, tanki lake na gesi yake vimebanwa kwenye nafasi ndogo kuliko bedsita, halafu vinatikiswa barabarani kwa kilomita mia tano.

Mtu anayeishi ndani ya kitu kama hicho anahitaji mtungi mwekundu. Na mtungi nao una ukoo wake.

Wa kwanza kupata hataza ni Ambrose Godfrey, mkemia wa London, mwaka 1723. Kazi iliyompa jina ni kutengeneza fosforasi, kitu kinachowaka chenyewe kikiguswa na hewa. Kizimamoto chake kilikuwa pipa la maji yenye dawa, na katikati kimefichwa chombo cha baruti. Unawasha utambi, unalitupa pipa motoni, linalipuka, maji yanatawanyika. Ndiyo, kizimamoto cha kwanza kilikuwa bomu.

Karibu mwaka 1818, Kapteni George William Manby, mwenyeji wa Norfolk kule Uingereza, alileta kitu ambacho ungekitambua leo. Manby tayari alikuwa amejulikana kwa mzinga wa kurusha kamba hadi kwenye meli inayozama. Sasa alitengeneza mtungi wa shaba wa kubeba mkononi, unaobeba galoni tatu za maji yaliyochanganywa na magadi ya majivu, yakisukumwa na hewa iliyoshindiliwa ndani. Unafungua, maji yanatoka kwa nguvu. Wazo lake lilikuwa jepesi na bado ndilo linatushika hadi leo: moto mkubwa uliwahi kuwa moto mdogo, na yule anayeufikia ukiwa mdogo si mtu wa zimamoto bali ni wewe uliye hapo.

Mwaka 1866, Mfaransa François Carlier alipata hataza ya mtungi wa aina nyingine. Hapo unachanganya magadi na asidi, gesi inatokea, gesi inasukuma maji. Mitungi ya baadaye ya ukoo huo iligeuzwa juu chini ili chupa ya asidi ndani imwagike. Iliuzwa kwa miaka karibu mia moja, mashuleni, mahotelini, kila mahali. Shida yake ilikuwa kwamba asidi haina rafiki. Ganda la mtungi liliungwa kwa risasi au ribiti, miaka ikapita, kutu ikafanya kazi yake kimya kimya, na siku ya siku mtu anaugeuza mtungi, presha inapanda, na mtungi wenyewe unapasuka mikononi mwake. Sheria za usalama kazini za Marekani ziliamuru kwamba kufikia tarehe 1 Januari 1982 mitungi yote ya aina hiyo iondolewe kabisa kazini.

Ila kilichoingia kwenye magari hakikuwa hicho. Kwenye magari kiliingia Pyrene. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, kampuni yenye jina hilo ilianza kuuza bomba dogo la shaba ya manjano, la kusukuma kwa mkono kama pampu ya baiskeli. Ndani mlikuwa na kaboni tetrakloridi, maji maji yasiyopitisha umeme, yanayokauka yenyewe bila kuacha uchafu. Kwa gari la petroli lilionekana kama zawadi kutoka mbinguni. Lilikuwa dogo, linang'aa, na likafungwa kwenye magari, malori, mabasi na ndege.

Shida ilikuwa hii. Kaboni tetrakloridi ikikutana na moto au chuma chenye joto kali inaweza kutoa fosjini. Hiyo ni gesi ile ile iliyotumiwa kuua askari kwenye mahandaki ya Vita Vikuu vya Kwanza. Nje kwenye upepo unaweza kuponea. Ndani ya chumba kilichofungwa, unauzima moto halafu unaanguka. Na hata bila moto, mvuke wake unaharibu ini. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliipiga marufuku kwenye bidhaa za nyumbani, na sheria za kazini zikakataza vizimamoto vyake. Lakini shaba ya manjano inapendeza, kwa hivyo mabomba hayo, na zile tufe za kioo zenye maji mekundu za kutupa motoni, bado yanauzwa kama mapambo ya zamani. Mtu anakarabati gari-nyumba la enzi za babu yake, anaona kitu kinang'aa, anakitundika ukutani ili gari lipate sura ya kale. Sijui kama huwa anauliza kilichomo ndani.

Mwaka 1924, Walter Kidde alitengeneza mtungi wa kubebeka wa kabonidioksidi kwa sababu kampuni ya simu ya Bell ilitaka kitu cha kuzima moto kwenye mitambo yake ya umeme. Ndiyo, Kidde yule yule ambaye jina lake, baada ya kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa, lingeandikwa kwenye mitungi ile milioni 40. Baadaye ikaja haloni, gesi safi kabisa: inazima, haiachi vumbi, haiharibu mitambo. Wenye magari-nyumba waliipenda sana. Kumbe ilikuwa inatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa 1987 na marekebisho yake uliifanya nchi tajiri ziache kuitengeneza mwisho wa 1993.

Unaona mtindo? Baruti ililipuka, asidi ikapasua, Pyrene ikatoa sumu, haloni ikala anga. Kila mtungi uliwahi kuwa jibu la kisasa, na kila mmoja uliondolewa ukutani si kwa sababu moto umekwisha duniani, bali kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, alirudi kuuangalia. Ndiyo maana mimi nasema historia ya kizimamoto si historia ya kuvumbua. Ni historia ya kubadilisha.

Aliyebaki ni unga mkavu, ule ulio kwenye mitungi mingi unayoiona leo. Ni mzuri kweli. Lakini una aina zake, na hapa ndipo watu wa magari-nyumba hushikwa. Mtungi ulioandikwa herufi B na C ni wa mafuta na umeme. Haukuundwa kuzima mbao, nguo na sponji. Mtungi wenye A, B na C unashughulikia vyote. Magari-nyumba mengi yametoka kiwandani na mtungi mmoja mdogo wa B na C karibu na mlango, kwa sababu hicho ndicho kiwango kilidai. Nyumba nzima ni mbao na godoro, na mtungi pekee ni wa petroli.

Tena ule mdogo, wa kilo moja na kitu, hutoa unga kwa sekunde 8 hadi 12 hivi. Basi. Hesabu hapo ulipo: moja, mbili, tatu. Ndani ya muda huo uvute pini, uelekeze mdomo kwenye shina la moto na si kwenye miali, ubane, ufagie kushoto kulia, ukiwa mita mbili hivi kutoka hapo na mlango uko nyuma yako. Kwa hivyo wajuzi wa magari haya huambia watu mtungi si wa kuokoa gari. Gari lina bima. Mtungi ni wa kukupa njia ya kutoka na waliolala ndani. Ndiyo maana wanashauri mmoja uwe karibu na kitanda, mmoja karibu na mlango, na mwingine kwenye kabati la nje ambalo unalifikia bila kuingia tena.

Sasa turudi kwa ule mshikio wa plastiki, maana hapo ndipo mambo yote yanakutana. Kampuni haikuanza kuita wateja 2017. Kulikuwa na wito Machi 2009. Kukawa na mwingine Februari 2015, wa vizimamoto kama milioni 4.6. Halafu ule mkubwa wa 2017. Magari-nyumba nayo yalikuwa na mitungi hiyo toka kiwandani, kwa hivyo ikabidi watengenezaji wa magari nao wawaandikie wateja wao. Januari 2021, wizara ya sheria ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni italipa faini ya dola milioni 12, kwa madai ya serikali kwamba haikutoa taarifa kamili kwa wakati kuhusu kasoro hiyo na ukubwa wake.

Kinachonishangaza si faini. Kinachonishangaza ni ile miaka 44. Ni rahisi kuilaumu kampuni, na lawama inayo. Lakini kiwango cha Marekani cha vizimamoto kinasema mtungi usiojazwa tena, ule wa kutumia mara moja, utolewe kazini ukifika miaka 12 toka ulipotengenezwa. Tarehe iko hapo hapo, imepigwa chini ya mtungi au kwenye ganda, wakati mwingine tarakimu mbili tu za mwaka. Yaani mtungi wa 1973 ulifaa kutupwa 1985. Ule wa 1985 ulifaa kutupwa 1997. Ikiwa kuna mtu alikuwa bado nao 2017, basi alikuwa ameishi miaka thelathini na ushee na rangi nyekundu tu ukutani. Hata plastiki ingekuwa chuma, alikuwa amechelewa.

Na kutunza kwenyewe si sayansi ya roketi. Mara moja kwa mwezi unaangalia mshale wa geji uko kwenye kijani, pini ipo, lakiri haijakatika, mdomo haujaziba kwa buibui, ganda halina kutu wala kidimbwi. Mara moja kwa mwaka fundi anaukagua. Mtungi wa unga unaojazwa tena unafunguliwa ndani kila miaka 6, na kila miaka 12 ganda linajaribiwa kwa presha ya maji. Gari-nyumba linaongeza mambo mawili: joto la gari lililoegeshwa juani miezi mitatu, na mtikisiko. Jambo la kukumbuka ni kwamba mshale wa kijani unakuambia kuhusu presha peke yake. Haukuambii kama unga ndani bado ni unga.

Hilo la mwisho sikulisoma kwa mzungu. Nililiona kwa macho yangu hapa Industrial Area, kwa fundi mmoja anayejaza mitungi. Nilienda kwake baada ya ile kazi ya mtandaoni kuniachia maswali. Nikamwambia, "Mzee, nataka tu kuona ndani." Akacheka. Akachukua mtungi ulioletwa na matatu, akatoa presha, akafungua kichwa, akauinamisha juu ya karatasi ya nailoni. Hakuna kilichomwagika. Akagonga. Ikatoka bonge moja, kama unga wa ngano uliopigwa na mvua kwenye gunia.

"Na geji ilikuwa kijani," akasema.

Nikamuuliza wateja wake huja lini. "Kijana, watu hawaniletei mtungi niutengeneze. Wananiletea nibandike karatasi. Ukaguzi ukikaribia nawaona wote wiki moja. Wengine hawataki hata niufungue. Wananiambia, mzee andika tu tarehe."

Akaniambia kingine. Kuna madereva huujaribu mtungi kwa kuubana kidogo, pshh, waone kama unatoka. Unatoka, wanafurahi, wanaurudisha chini ya kiti. Hawajui kwamba chembe za unga zimekwama kwenye vali, hazikuiacha ifunge sawasawa, na presha itavuja yote polepole. Siku ya moto watakuwa na chuma kitupu. Mtungi wa unga ukishabanwa hata mara moja, unarudi kwa fundi. Hakuna kujaribu.

Tangu siku hiyo siwezi kupanda mat bila kuangalia chini ya kiti cha dereva. Sheria yetu inataka magari ya abiria yabebe kizimamoto, na kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zinadai vivyo hivyo kwa sehemu za kazi. Na mitungi ipo, sikatai. Ninaiona. Mingine imefungwa kwa waya hadi ungehitaji koleo kuitoa. Mingine imezikwa chini ya mikeka, jembe na kreti ya soda. Mwaka jana nilisafiri usiku kwenda nyumbani magharibi, basi limejaa, watoto wamelala kwenye mapaja ya mama zao, mizigo imejaa njia ya katikati hadi mlangoni. Nilimuuliza kondakta mtungi uko wapi. Alinionyesha kwa kidole, kwa heshima kabisa, mtungi mwekundu, safi, unang'aa. Karatasi yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu iliyofifia. Nilisoma mwezi lakini mwaka haukusomeka. Nilikaa macho hadi Nakuru.

Wahenga wa Pwani wana maneno: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tumefanya kinyume. Tumepaka mlango rangi nyekundu, tukabandika karatasi juu, tukatosheka. Wala hatuko peke yetu. Mstaafu wa Iowa mwenye gari la mamilioni na dereva wa mat ya kukodi wanafanana hapo: wote wawili walinunua mtungi, na baada ya kuununua wakahisi kwamba kazi imekwisha. Tofauti ni kwamba wa Iowa akiwa na bahati ataandikiwa barua ya kumwambia mtungi wake una kasoro. Abiria wa usiku hakuna atakayemwandikia.

Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja, na hakihitaji doo. Ukimaliza kusoma hapa, tafuta mtungi ulio karibu nawe: kwenye ngazi za ploti, kwenye korido ya ofisi, kwenye saluni, kwenye gari la mjomba. Usiubane. Uinue, uangalie chini yake na ubavuni, utafute mwaka uliotengenezwa. Soma karatasi ya fundi, uone kama kuna mwaka na si mwezi tu. Angalia kama pini inaweza kuvutika na kama kuna kitu kimewekwa mbele yake. Ni dakika mbili. Ukipata kwamba una miaka mingi kuliko unavyofikiri, mwambie mwenye nyumba, mwambie mlinzi, mwambie sacco. Watakuona msumbufu. Yule fundi wa Industrial Area ameonekana msumbufu kwa miaka ishirini na mitatu, na kila mtungi anaoruhusiwa kuufungua bado anaumwaga kwanza kwenye nailoni, ajionee mwenyewe kama unga unatiririka.